Upande wa Mbele wa Ile Nyumba

Daktari wa macho hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema presha ya macho ya mama imefika pabaya, kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi, na kwamba upasuaji unaweza kukilinda kilichobaki au ukashindwa. Akatupangia Jumanne ya wiki iliyofuata. Nilimheshimu kwa kusema kweli, na papo hapo nikatamani angekuwa mwongo kidogo.

Tulipotoka nje, mama alisimama kwenye ngazi akageuza kichwa kulia, kisha kushoto, taratibu. Ndivyo anavyofanya tangu macho yalipoanza kumsumbua. Pembeni haoni kitu. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Nikadhani anatafuta choo. Akaniambia kwa Kinyiha, maana mambo mazito hayasemi kwa Kiswahili, kwamba kabla ya hiyo Jumanne kuna kitu kimoja anataka kukiona.

Akili yangu ilikimbia. Nikafikiria bahari, ambayo hajawahi kuiona. Nikafikiria kaburi la baba. Yeye akasema anataka kwenda kwenye nyumba ya mzungu, ile ya juu ya Nanyala, akaione upande wa mbele.

"Mgongo wake naujua," alisema. "Uso sijauona."

Zamani, wazungu walipokuwa wakilima kahawa Mbozi, mmoja wao alijenga nyumba ya mawe mlimani na kuizungushia bustani. Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa mtunza bustani. Yeye ndiye aliyepanda waridi, yeye ndiye aliyefyeka majani kila asubuhi kabla umande haujakauka. Mama, akiwa mtoto, alimpelekea chakula cha mchana, lakini mwisho wake ulikuwa mlango wa jikoni, nyuma, penye kuni na mbwa. Watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kupita kona ya nyumba. Jioni babu aliwasimulia yaliyoko mbele: ngazi pana za mawe, bwawa la mviringo lenye samaki wekundu, misonobari miwili mirefu kuliko kanisa. Mama alikua na picha hiyo kichwani bila kuwa na ushahidi wake. Kisha asubuhi moja babu alifukuzwa kazi, jembe lake likarushwa nje ya uzio, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyerudi.

Siku hizi nyumba ile ni ya tajiri fulani aishiye mbali. Ameweka paa jipya, ameweka msimamizi, na Jumamosi watu hulipa kiingilio wakatembea bustanini. Maharusi wa Vwawa na Mlowo huenda kupigia picha pale. Kile alichonyimwa mama utotoni sasa kiko wazi kwa yeyote mwenye simu. Nilipofikiri hivyo nilishikwa na hasira, halafu nikaichukua simu nikapiga.

Msimamizi alikuwa mtu wa masharti. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Kukanyaga majani hakuruhusiwi, kutembea ni njiani tu. Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi saa sita mchana, kwa hiyo wageni wengine wote wawe wameshaondoka kabla ya hapo. Nikamwambia hakuna shida. Nilijua mama hawezi kutoka nyumbani bila kikapu cha chakula hata akienda kwa jirani, lakini hilo nililimeza.

Shida yenyewe ilikuwa gari. Daktari alimkataza mama kupanda pikipiki, na kutoka barabara kuu hadi kwenye ile nyumba ni njia ya udongo inayopanda mlima. Gari lililokuwepo ni IST ya mume wangu. Mimi sijui kuendesha. Nilijaribu mara moja, nikaingia nalo kwenye ua wa jirani, na habari hiyo bado inasimuliwa kwetu Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kila watu wakikosa la kusema. Kwa hiyo dereva ni mume wangu, na mume wangu na mama yangu hawatazamani.

Hawajagombana hata siku moja. Ni ukwe. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Kuna siku maalumu ya kuiondoa haya hiyo: wazee hukaa, mkwe huingizwa ndani, mama mkwe humtazama mbele ya mashahidi, kisha hula sahani moja. Siku yetu ilipangwa, baba akafariki wakati wa maandalizi, ikaahirishwa. Kaka yangu mkubwa akawa msemaji wa familia, naye akaisukuma kutoka msimu mmoja wa kahawa hadi mwingine mpaka binti yetu akafika darasa la sita.

Mchungaji alishasema kanisani kwamba mambo haya ni ya zamani na yanaweza kuachwa. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akiwa amekaa upande wa pili wa kanisa ili asimwone mkwe wake. Siku ya harusi yetu alijibanza nyuma ya nguzo ya ukumbi tangu mwanzo hadi mwisho, na katika picha zote anaonekana bega moja. Na mume wangu ni mbaya zaidi. Kwao ni Ileje, milimani, ambako jambo hili halina mzaha. Mtu huyu ni wakala wa mizigo mpakani. Kutwa anabishana na madereva wa Zambia kwa Kibemba, haogopi mtu. Lakini siku moja sokoni Mlowo alimwona mama kwa mbali, akajitosa kwenye kibanda cha mitumba na kujifunika koti la kike. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, wala hakutaka nilizungumzie tena.

Basi nikapanga kama jenerali. Kaka yangu anaishi na mama pale Itaka, na ana leseni. Mume wangu angeendesha kutoka Mpemba hadi kwenye maduka ya Itaka, angeshuka pale anywe chai, kaka angechukua usukani, tungekwenda na kurudi, na mume wangu angerudishiwa gari lake bila mtu kumwona mtu. Kaka aliitikia kwenye simu. Sasa nikikumbuka, aliitikia upesi mno.

Ijumaa jioni alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kuamua na anatafuta tu wa kumlaumu. Alisema mama anahitaji kupumzika. Alisema baridi ya mlimani itamdhuru macho. Nikamwambia aseme kilichomo moyoni, aache habari za baridi.

"Babu alitolewa pale kama mbwa," akasema. "Leo sisi twende tulipe kiingilio, tukacheke na maua?"

 Alichosema kilikuwa kweli, na mimi mwenyewe kilikuwa kinanisumbua tangu nilipompigia msimamizi. Nikamjibu kwa ukali kwamba anayetaka kwenda ni mama, siyo mimi, na kwamba asubuhi tutakuwa hapo. Akasema haya. Nililala vibaya sana.

Asubuhi baridi ilikuwa inauma, na foleni ya malori ilikuwa imeanzia mpakani ikapita nyumbani kwetu. Mume wangu alijipenyeza kando yake kimyakimya. Mtu huyu akikasirika hunyamaza, na akiogopa pia hunyamaza, kwa hiyo baada ya miaka yote hii bado inanibidi kubahatisha. Tulipofika kwenye maduka ya Itaka alizima gari, akashuka, akaagiza chai. Mimi nikaenda nyumbani kwa miguu kumwita kaka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje, amevaa gauni la kanisani, sweta, kilemba, na viatu ambavyo nilimnunulia na ambavyo hajawahi kuvivaa kwa sababu anavihurumia. Kikapu kilikuwa miguuni. Binti yetu, ambaye anasoma Itaka na kukaa na bibi yake, alikuwa anamfuta vumbi la viatu kwa kitambaa. Nikauliza kaka yuko wapi. Binti akaangalia chini, akasema mjomba ameondoka na baiskeli kulipokuwa bado giza, amekwenda kwenye mashine ya kumenya kahawa.

Nikapiga simu yake. Imezimwa. Nikapiga tena, kama kwamba hasira yangu inaweza kuiwasha.

Nikaanza kutafuta dereva mwingine. Nilimpigia mwenye teksi wa Mlowo ambaye tunafahamiana. Akasema magari yote ameyakodi mwenye harusi, hiyo hiyo ya saa sita. Nikampigia mwingine, akanipa jibu lile lile huku honi za msafara zikisikika nyuma yake. Nikaona saa inakimbia. Nikamwona mama pale kwenye kiti, mikono imekunjwa mapajani, akinitazama kupitia lile tundu lake dogo, akiutafuta uso wangu ulipo. Nilitaka kulia kwa hasira. Kaka yangu hakumfungia mama mlango. Aliuacha wazi kabisa, akijua kwamba anayeweza kumpitisha ni mtu asiyeweza kumkaribia.

Nikamwambia mama ukweli wote. Sikumficha hata alichosema kaka kuhusu babu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza gari liko wapi. Nikasema dukani. Na mwenyewe? Nikasema yupo nalo.

 Binti yetu aliacha kufuta viatu.

"Aliyefukuzwa alikuwa baba yangu," mama akasema. "Kaka yako hakuwepo. Kaniletee kitenge kilichoko chini ya sanduku, kile kipana."

Kilikuwa kitenge cha bluu cha kutoka Nakonde, hakijakatwa wala kushonwa. Nilikimbia nacho hadi dukani. Nilipomweleza mume wangu tunachotaka kufanya, aliweka kikombe chini, akatazama barabarani kama mtu anayetafuta upenyo wa kutorokea. Nilijiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kutosha mwaka mzima.

"Mama watoto," akasema kwa upole, "kikidondoka njiani je?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Tukakifunga pamoja, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine, kwenye vishikio vya juu ya milango, tukabana chini kwa mkanda wa kiti, tukatumia hata pini za nywele zangu. Kilipomalizika, gari lilikuwa limegawanyika vyumba viwili. Akalirudisha gari kinyumenyume hadi uani, uso ameuelekeza kwenye migomba, na binti yetu akamwingiza mama nyuma kama bibi harusi, akakaa naye. Mimi nikakaa mbele. Ndivyo tulivyoondoka Itaka.

Sijawahi kusafiri safari yenye ukimya wa namna ile. Nilisikia pumzi za wote wawili. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, hata kioo cha kati alikuwa amekigeuza kikatazama dari. Kila shimo lilipokuja nilikitazama kitenge kwanza, kisha barabara. Penye kona kilijaa upepo kikamgusa kisogoni, naye akaruka kana kwamba ameungua.

Baada ya Mlowo mama aliongea. "Mwambie anayeendesha asikimbie."

"Umesikia," nikamwambia mume wangu.

"Mwambie mama harusi inakuja nyuma," akajibu. "Tukichelewa hawataturuhusu."

"Amesikia," nikasema. Nao walikuwa umbali wa kiganja kimoja.

Askari wa barabarani alitusimamisha. Akainama dirishani, akaona kitenge, akauliza tumebeba nini nyuma ambacho hakitakiwi kuonekana. Nikasema tumembeba mama mkwe wa dereva. Akadhani namfanyia dhihaka, uso ukamkaza, akataka kufungua mlango wa nyuma. Mume wangu, ambaye alikuwa hajageuza shingo tangu Itaka, akamwambia kwa sauti ya mpakani kwamba mlango huo usifunguliwe mpaka yeye ashuke na asogee. Nikahisi sasa tumekwisha. Askari akamtazama. Akamuuliza kwao ni wapi. Akasema Ileje. Yule askari akausimamisha mgongo, akarudi hatua kadhaa, akaangalia upande mwingine na kutupungia mkono tupite.

Tulifika lango la ile nyumba jua likiwa limeshapanda. Magari mawili ya wapambaji yalikuwa yametangulia, na watu walikuwa wanafunga maputo kwenye uzio. Msimamizi alikuja na saa yake mkononi. Alisema tumechelewa, tutembee haraka, na kikapu kibaki. Mama akamsalimia, akamwambia kikapu kina viazi tu vya baba yake. Msimamizi akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Akaacha kikapu kipite.

Mume wangu alibaki langoni, nyuma ya gari. Mimi nilimshika mama mkono wa kulia, binti yetu wa kushoto. Njia ya wageni inapita mbele moja kwa moja, lakini mama alikataa. Alitaka kuanzia nyuma. Tukazunguka hadi kwenye mlango wa jikoni, ambao sasa una jenereta na makreti ya soda, naye akaupapasa ukuta kwa kiganja mpaka akapata alichokuwa anakitafuta, jiwe lililotokeza ambapo alikuwa akitua chakula. Akafungua kikapu, akaweka kiazi kimoja pale. Kisha akasema twende.

Kutoka pale hadi kwenye kona hakuna umbali wowote. Mtoto anaweza kurusha jiwe akapitiliza. Mama alipofika kwenye kona alisimama, akarudi nusu hatua nyuma. Mwanamke aliyezika mume bila kuyumba, aliyelea watoto kwa kahawa na mahindi, alikuwa anamwogopa mbwa aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Binti yetu hakujua hayo. Akamvuta bibi yake tu, kama wanavyovutana wakienda kisimani, na kona ikapita.

Tulimsimamisha mbele kabisa, kwenye njia ya kokoto. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko macho yake. Haikuingia kwenye tundu. Ilimbidi aitazame kipande kwa kipande: ngazi, akahesabu kwa kidole, mlango, dirisha, dirisha jingine, paa jipya la bati jekundu. Msonobari ulikuwa umebaki mmoja. Bwawa lilikuwepo lakini halikuwa na maji, wapambaji walikuwa wamelijaza maua ya karatasi. Waridi nyingine zilikuwa mpya, ila kwenye pembe ya ngazi kulikuwa na shina moja nene kama mkono wa mtu, limezeeka, limekatwa na kuchipua tena na tena. Mama aliliinamia, akalishika bila kujali miiba.

Nilingoja alie. Nilikuwa nimeshatoa leso. Yeye akajiweka sawa kilemba.

"Kumbe ni nyumba tu," akasema.

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyetua mzigo na kugundua ulikuwa mwepesi. Mimi ndiye niliyelia. Kwa sababu ya babu, kwa sababu ya Jumanne, na kwa sababu nilitaka iwe nzuri zaidi.

Msimamizi akatupungia kutoka ngazini, akionyesha saa. Honi za msafara zilianza kusikika huko chini. Nikamwambia mama muda umekwisha. Hakusogea. Aligeuza kichwa taratibu, akaipitisha bustani yote kwenye lile tundu lake, mpaka akafika langoni.

"Kuna uso mwingine sijauona," akasema. "Mwite."

Nilimwelewa. Nikamkumbusha wazee. Nikamkumbusha kaka, na mashahidi, na kwamba akifanya hivyo hapa, kwenye maputo ya watu, hakuna atakayejua limefanyika vizuri au vibaya. Akaniambia atakayemshika macho Jumanne ni daktari, siyo wazee. Akasema kaka yangu amekuwa akingoja kahawa iive, na kahawa huiva kila mwaka, lakini yeye hana mwaka.

Nikaenda langoni. Mume wangu alisikiliza, akatikisa kichwa. Akasema hapana. Akasema nimemfikisha mbali vya kutosha kwa siku moja, kwamba kwao mtu akifanya hivi hukosa pa kuuweka uso wake. Sikugombana naye. Ile hasira yote niliyokuwa nimeiweka akiba ilikuwa imeisha. Nilimwambia tu kwamba Jumanne ikipita anaweza kuwa na uso wake wote, hautahitajika tena.

Alikuja. Alitembea ameinama, mikono imekunjwa, akasimama chini ya ngazi, mbali kidogo na mama, akatazama kokoto. Msimamizi alikuwa amefungua mdomo kutufukuza, akaufunga.

"Mwambie ainue uso," mama akaniambia.

Sikuhitaji kumwambia. Aliuinua mwenyewe, taratibu, macho ameyafumba. Mama alisogea hatua moja. Akamtazama kama alivyoitazama nyumba, kipande kwa kipande: kidevu, mdomo, pua, paji la uso. Alipofika kwenye nyusi alisimama hapo. Nyusi za mume wangu zinakutana katikati. Mama akamgeukia binti yetu, akamtazama na yeye, akarudi kwa baba yake.

"Kumbe nimekuwa nikikuona kila siku," akamwambia. Akamwambia yeye, siyo mimi.

Mume wangu alifumbua macho. Sijui kama alikusudia. Walitazamana kwa muda mfupi tu, kisha msafara wa harusi ukaingia langoni na tarumbeta zake, na sisi tukatoka kwa njia ya nyuma.

Njiani nilinyoosha mkono nikifungue kitenge. Mama akaniambia nikiache, kwa kuwa tunarudi kwa kaka yangu. Kwa hiyo kaka aliporudi na baiskeli yake alilikuta gari uani na chumba chake cha bluu, mume wangu ameelekea migombani, na mama akishushwa nyuma. Alikizunguka kitenge mara mbili, akazigusa pini za nywele zangu. Alikuwa na maneno, nadhani, lakini sheria yake ilikuwa haijavunjwa mbele yake. Akauliza tu kama kulikuwa na baridi. Mama akasema kidogo.

Upasuaji haukumsaidia. Hilo nitalisema kwa ufupi kwa sababu sina namna nyingine ya kulisema. Mwanga uliobaki ulikwenda katika miezi iliyofuata, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia, na akaniambia siku ulipokwisha kwa sauti ile ile anayotumia kunitangazia kwamba chumvi imekwisha.

Kaka alivuna kahawa yake. Kisha, bila kuombwa na mtu, akaita wazee, akanunua mbuzi, akaagiza mume wangu aletwe. Nafikiri alitaka kulipa kitu, na hakujua njia nyingine. Alipanga kila hatua kama inavyotakiwa. Mume wangu akaingizwa ndani akiwa ameinama, akaketishwa mkekani mbele ya mama. Kaka akasimama, akasema maneno yote ya desturi kwa sauti nzuri, akafika kwenye yale ya mwisho.

"Mama, mkweo huyu hapa. Mtazame."

Akalisikia neno lake mwenyewe. Chumba kizima kikalisikia. Kaka alibaki na mkono hewani, midomo ikicheza, na mimi, niliyemkasirikia mwaka mzima, nikatamani ardhi immeze kwa huruma.

"Nilishamtazama," mama akasema. "Mchana kweupe. Ana nyusi za mjukuu wangu."

Wazee wakaguna kwa heshima, wakidhani ni namna ya mgonjwa ya kumsitiri mwanawe. Kaka akanitazama mimi. Nikamtazama bila kukwepa. Akachukua birika, akapiga magoti na kumnawisha mama mikono yeye mwenyewe. Sahani ikawekwa katikati. Mume wangu akakata tonge, akaliweka kwenye kiganja cha mama. Alikuwa ameuinua uso, kama alivyofanya siku ile chini ya ngazi, na aliendelea kuuinua hivyo mpaka chakula kikaisha.